Meza Yenu Ingesema Nini?

Mama mpenzi, kama meza yenu ingeweza kusema, ingesema nini juu ya ndoa yenu?

Mwaka 1990 mpiga picha wa Marekani, Carrie Mae Weems, alitengeneza picha 20 kwenye meza moja ya jikoni, chini ya taa moja. Mwanamke wa picha hizo aliigizwa na yeye mwenyewe. Mara anakula na mwenzake. Mara mwenzake anasoma gazeti. Mwishoni yuko peke yake, anacheza karata. Meza haibadiliki, wanaoizunguka ndio hubadilika.

Ni maigizo, lakini kimya cha nyuma ya gazeti wengi tunakijua. Jioni hii, kabla mumeo hajashika gazeti au simu, vuta kiti karibu naye. Muulize habari za kutwa, umsikilize.