Tusome Spana Kabla ya Kuzipima kwa Kilo

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo ulinirudia akilini nilipokuwa mjini Ruiru, katika kibanda kimoja cha vyuma chakavu. Kijana mmoja alikuwa akimimina kwenye mizani gunia la spana kuukuu, zilizotoka katika karakana ya shamba la kahawa ambalo sasa limekatwa viwanja.

"Mzee, hizi siku hizi hazifungui kitu," akaniambia. "Ni uzito tu."

Nilimsihi asubiri. Msimu uliotangulia, kule Thika, fundi mmoja alijaribu kufungua nati ya mashine yangu ya kumenya kahawa kwa spana ya milimita 24. Spana ilicheza, ikateleza, ikazila pembe zote sita za nati. Hatimaye tuliikata kwa tindo, na siku tatu za mavuno zikapotea. Spana iliyofaa ilikuwa mfano wa zile zilizokuwa zikisubiri mizani.

Msomaji atauliza: spana si spana? La, hasha! Mnamo mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha hesi za bolti, na mashine nyingi za Kiingereza zilizoletwa nchini zilifuata utaratibu huo. Katika spana za Whitworth, namba iliyochongwa hutaja kipenyo cha bolti, wala si upana wa mdomo wa spana. Spana iliyoandikwa 1/2 W ina mdomo wa takriban milimita 23.4. Ile iliyoandikwa 1/2 AF, ambayo hupimwa kutoka ubavu hadi ubavu wa nati, ina mdomo wa milimita 12.7. Namba ni ile ile, lakini moja inakaribia kuwa maradufu ya nyingine! Fundi aliyefunzwa kwa magari ya Kijapani, yenye vipimo vya milimita, atalijuaje hilo bila kuelezwa?

Basi jinsi ya kuzitambua ni hii. Iondoe kutu kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, kisha ipake chaki, maandishi yatajitokeza. Sehemu ya inchi yenye W, BS au AF ni kipimo. Namba ndefu isiyo sehemu ya inchi huenda ikawa namba ya kipuri, ambayo hutafutwa katika kitabu cha vipuri cha gari au mashine husika. Namba fupi pweke yaweza kuwa alama ya kalibu tu, kwa hiyo usiiamini kabla ya kuupima mdomo. Alama ya mshale mpana huonyesha kwamba kifaa kilikuwa mali ya serikali ya Uingereza, mara nyingi jeshi. Nayo spana ya trekta za Ferguson, zilizoundwa Coventry kati ya mwaka 1946 na 1956, ina mistari ya inchi ubavuni, ili mkulima aitumie pia kama rula.

Thika ni mji wa mafundi. Kiwanda cha kuunganisha magari kilichoanzishwa humo na Leyland katika miaka ya 1970, na ambacho tangu mwaka 1989 huitwa Kenya Vehicle Manufacturers, ni shahidi. Itakuwa aibu mji kama huo ukiyeyusha elimu yake wenyewe. Mwaka 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa, ili kunusuru nyaya za umeme na reli. Hiyo ni mali ya umma. Mali ya karakana haina mlinzi ila mwenyewe.

Kwa hivyo nawasihi wenye mashamba na gereji: kabla ya kuita mnunuzi, mwiteni fundi mzee. Namba ziandikwe daftarini, pamoja na upana wa mdomo na mashine iliyohusika. Nazo taasisi za ufundi ziwafundishe vijana kuusoma utaratibu wa zamani, kwa maana mashine zake bado zinafanya kazi.

Kijana wa Ruiru aliniuzia spana nne kwa bei ya chuma. Kisha akaniomba kile kipande cha chaki, akaanza kupekua gunia upya.