Tutengeneze Miguu ya Ubao

Katika kampeni ya kisomo ya miaka ya 1970, madarasa mengi yalikaa chini ya mti. Hata leo hapa Misungwi, ubao ulioegemezwa tu kwenye shina huangushwa na upepo wa ziwani. Ukimwangukia mwenzetu je? Tuutengenezee miguu.

Tafuta miti 3 ya mkalitusi, mikavu, iliyonyooka, ya mita 2 kila mmoja. Tafuta na mwingine wa mita 1.

1. Laza miti 2 chini. Vichwa vikutane, miguu iachane mita 1.

2. Pigilia ule mfupi uikingame, mita 1 kutoka chini. Ubao utakaa juu yake. Mbele yake pigilia vijiti 2 vilivyosimama, ubao usiteleze.

3. Mti wa tatu ndio mguu wa nyuma. Funga vichwa vyote 3 pamoja kwa kamba ya katani.

4. Simamisha. Funga kamba nyingine kutoka mti wa kukingama hadi mguu wa nyuma. Usiisahau hii! Bila hiyo miguu hutanuka, na ubao huanguka.

Kabla ya somo, sukuma kidogo kwa mkono. Ikitikisika, kaza kamba. Baada ya somo iweke ndani, mchwa wasiile.

Je, darasa lenu lina miguu ya ubao? Kama halina, anzeni Jumamosi hii.