Kabla ya kuuza kiwanja ili kijana akasomee urubani

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

KIWANJA huuzwa mara moja tu. Ndiyo maana mzazi wa Buyenzi au Ngagara ambaye kijana wake anataka kuwa rubani anapaswa kuuliza maswali yake mapema, si baada ya fedha kuvuka mpaka.

Shirika la Air Burundi liliacha kuruka mwaka 2009, na kijana mwenye ndoto hii leo hutazama nje: Nairobi, Soroti, Addis Ababa, Afrika Kusini au hata Marekani. Kila upande kuna matangazo ya bei nafuu na muda mfupi.

Jambo la kwanza ni kujua kinachonunuliwa. Leseni ya rubani binafsi ni ngazi ya mwanzo. Mwenye nayo anaweza kurusha ndege ndogo na kubeba watu, lakini haruhusiwi kulipwa kwa kazi hiyo. Anayetaka mshahara atahitaji leseni ya rubani wa biashara, ambayo kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) hudai saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyepitia kozi iliyoidhinishwa. Familia iliyouza kila kitu kwa ajili ya leseni ya kwanza inaweza kujikuta na rubani asiyeajirika.

Kwa leseni binafsi, ICAO inataka umri wa miaka 17 na saa 40 angani. Kati ya hizo, 10 mwanafunzi huruka peke yake, ikiwemo safari moja ya kilomita 270 yenye kutua katika viwanja viwili tofauti. Ulaya na Afrika Kusini hudai saa 45. Hicho ni kiwango cha chini, na wanafunzi wengi hukipita. Kwa hiyo bei ya “saa 40” isichukuliwe kuwa bei ya leseni. Uliza saa ya ziada ni kiasi gani, na kama mafuta, mkufunzi, mitihani, ada za kutua na malazi vimo ndani. Malipo hayo kwa kawaida hutajwa kwa dola, na kila saa ya ziada humrudisha mzazi kutafuta dola kwa faranga zake.

Pili ni afya. Leseni binafsi huhitaji cheti cha daktari wa usafiri wa anga cha daraja la 2, na urubani wa kulipwa hudai daraja la 1. Anayelenga ajira apimwe daraja la 1 kabla ya kulipa chochote. Ni afadhali kugundua tatizo la macho au moyo kiwanja kikiwa bado mikononi.

Tatu ni lugha. Tangu mwaka 2008, rubani wa safari za kimataifa anayetumia Kiingereza redioni hutakiwa kufikia angalau daraja la 4 la ICAO. Vijana wetu wengi wamesoma kwa Kifaransa. Miezi michache ya Kiingereza hapa Bujumbura ni nafuu kuliko kulipia saa za ndege huku humwelewi mwongoza ndege.

Nne ni mazingira. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko zaidi ya futi 5,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, injini hupungukiwa nguvu na ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kupaa. Uwanja wetu wa Melchior Ndadaye uko karibu futi 2,600, kwenye joto, kati ya ziwa na milima. Aliyejifunza katika tambarare za pwani tu atakuwa na mengi ya kujifunza upya akirudi.

Tano ni ndege zenyewe. Ndege nyingi za mafunzo hutumia petroli maalumu, tofauti na mafuta ya ndege za abiria, na petroli hiyo ni adimu katika sehemu nyingi za Afrika. Nenda ukaone: ndege ngapi zinaruka leo, na zinagombaniwa na wanafunzi wangapi? Mrundi hahitaji viza kwenda Kenya wala Uganda, basi nauli ya kwenda kukagua ni bima ndogo. Kisha lipa kwa awamu, saa kumi kumi, na kila malipo yawe na risiti.

Mwisho ni leseni yenyewe. Hutolewa na nchi, na nchi nyingine ndiyo huamua kuitambua au kuibadilisha. Uliza Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Burundi, upate jibu la maandishi, kabla ya kuchagua chuo.

Hapa ndipo Jumuiya inapoguswa. Chuo cha Soroti kilianzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya kwanza ili kuzihudumia nchi wanachama. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kikabaki mikononi mwa Uganda. Burundi ilijiunga na Jumuiya mpya mwaka 2007, mwaka ule ule lilipoundwa shirika la kusimamia usalama wa anga, CASSOA, lenye makao yake Entebbe. Kazi yake mojawapo ni kuoanisha kanuni za nchi wanachama. Lakini kanuni zinazofanana bado si leseni moja. Hadi siku leseni ya Soroti itakapopokelewa Bujumbura bila maswali, maswali yote atayauliza mzazi.