Theluji itafika mu magoti ao mu kiuno?



Mama mmoja wa kanisa letu ana mtoto aliyehamia Marekani na familia yake. Siku moja yule mtoto aliandika kwenye simu: "Mama, kesho masomo yamefungwa. Theluji inakuja, santimeta 20 mpaka 35." Kisha ibada mama alituonyesha ile habari, na vijana wakaanza kucheka. Mmoja akaniuliza: "Pasta, theluji haiyaanguka bado, namna gani banajua kama itafika mu magoti ao mu kiuno? Beko manabii?"

Nilimwambia anipe juma moja. Sisi wa Katanga theluji tunaijua katika Biblia tu, katika Ayubu sura ya 38 na katika Isaya. Katika nchi yetu iko juu kabisa kwenye milima ya Ruwenzori, mpakani na Uganda, na wengi wetu hatutafika kule. Tunajua mvua ya mawe na baridi ya mwezi wa saba, basi. Lakini watoto wetu wanaishi sasa mahali ambapo theluji inaweza kuua, na ni vizuri mzazi aelewe habari anayoandikiwa.

Wao si manabii. Kazi yao inafanana na kazi tunayoijua sana hapa kwetu. Kabla ya kuchimba shaba, wajiolojia wanafanya sondaji: wanatoboa tundu hapa, tundu pale, wanaangalia mawe yaliyotoka, kisha wanapiga hesabu ya tani ngapi ziko chini. Hawajaiona ile shaba yote. Watu wa meteo wanafanya vilevile, lakini matundu yao yanaelekea juu. Mara mbili kwa siku, saa ileile dunia nzima, wanaachilia baluni zenye chombo kidogo na radio, ambazo zinapanda hata kilometa 30 zikipima joto, unyevu na upepo. Wanaongeza habari za satelite, za ndege na za meli, wanatia yote katika komputa kubwa, nayo inahesabu hewa itakwenda wapi.

Hapo ndipo taabu inaanza. Komputa inatoa kwanza hesabu ya maji, na maji si theluji. Kwa kawaida watu wanasema santimeta 1 ya maji inazaa santimeta 10 za theluji. Lakini baridi ikiwa kali, theluji ni nyepesi kama pamba, na maji yaleyale yanaweza kuzaa 15 ao 20. Ikiwa karibu na kuyeyuka, ni nzito, haifiki hata 10. Tena ukanda mwembamba wa hewa yenye joto ukipita juu, inaanguka mvua, na hesabu yote ya theluji inapotea. Kwa hiyo hawatoi namba moja. Wanafanyisha komputa kazi ileile mara nyingi, kila mara wakibadilisha kidogo vipimo vya kuanzia. Kile kituo kikubwa cha nchi za Ulaya kinafanya hivyo mara 50 na zaidi. Majibu yakikaribiana, wana uhakika. Yakitawanyika, wanapaswa kusema hivyo.

Katika Januari 2015 hawakulisema vya kutosha. Dhoruba kubwa ilikuwa ikipanda kandokando ya pwani ya Marekani, na mji wa New York ulitangaziwa theluji ya santimeta 50 mpaka 75. Komputa ya Ulaya ilisema nyingi, ile ya Marekani ilisema kidogo zaidi. Wakaamini ya Ulaya, kwa sababu mwaka 2012 ilikuwa imeona vizuri njia ya dhoruba iliyoitwa Sandy. Meya alionya watu, gavana akakataza motokari barabarani, na treni za chini ya ardhi zikasimamishwa usiku wa tarehe 26, jambo ambalo halijafanyika mbele kwa ajili ya theluji. Asubuhi watu walipima katika bustani kubwa ya katikati ya mji: santimeta 25.

Dhoruba yenyewe haikuwa uongo. Mji wa Boston ulipata santimeta 62, na Worcester 88. Ila njia yake ilisogea kuelekea baharini umbali usiopita ule wa kutoka Lubumbashi mpaka Likasi, na New York ikabaki pembeni. Mkubwa wa ofisi moja ya meteo katika jimbo jirani la New Jersey aliomba msamaha mbele ya watu wote. Mimi hili lilinigusa. Manabii wa siku hizi wanaotutangazia mwaka huu nani atapata ndoa na nani atapata kazi kwenye mine, ni wangapi wamepima kosa lao kwa santimeta na kuomba msamaha?

Watu wa New York walicheka sana. Mwaka uliofuata, Januari 2016, dhoruba nyingine ikaja, na mara hii bustani ileile ilipata santimeta 70. Aliyekuwa amebaki kwenye kicheko cha mwaka wa kwanza alishikwa barabarani.

Lakini habari ninayotaka vijana wasikie zaidi ni ya Buffalo, mji ulio kando ya ziwa Erie, ambako wakimbizi wengi kutoka Kongo wamepelekwa kuishi. Katika Desemba 2022 watu wa meteo hawakukosea. Siku kadhaa mbele walitangaza kwamba dhoruba ya namna hiyo inaonekana mara moja katika kizazi. Upepo ulipita kilometa 110 kwa saa, ukichota unyevu wa ziwa na kuumwaga juu ya mji, na uwanja wa ndege ukapima santimeta 132 kwa siku chache. Katazo la motokari lilitangazwa asubuhi ya tarehe 23, wakati dhoruba imekwisha kuanza na watu wengine wamekwisha kutoka. Kwa muda wa saa 37 mtu hakuweza kuona mbele yake. Magari ya wagonjwa yalikwama. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengine ndani ya motokari zao, wengine ndani ya nyumba zisizo na moto.

Basi nilimwambia yule mama: mtoto akiandika "20 mpaka 35", usishike 35 peke yake kwa kuogopa wala 20 peke yake kwa kujifariji. Muulize itaanza saa ngapi, upepo utakuwa namna gani, na kama ana chakula, maji na mablanketi ndani ya nyumba.

Aliuliza. Jibu lilikuja siku ya tatu: "Mama, imeanguka 14. Watoto wanacheza inje. Mkate tuliununua mingi sana." Mama akacheka, akamwandikia aukaushe.