Gari Linapotetemeka Likiwa Limesimama

Asubuhi ya kuondoka Mitunguu tuliwasha gari, nalo likaanza kutetemeka. Lilikuwa limesimama palepale uani, lakini usukani ulitikisika mikononi na mngurumo ukakatika kama pumzi ya mtu mwenye kwikwi. Nyuma walikuwamo watoto na bibi yao, na mikungu miwili ya ndizi, kwani ni nani atokaye Mitunguu mikono mitupu? Mbele yetu ulikuwapo mpando wa kwenda Nkubu, kisha safari ndefu ya kurudi Mombasa.

Fundi wa kwanza alisikiliza kidogo, akasema nozeli zimekufa, zibadilishwe zote nne. Bei aliyoitaja ilizidi nauli yetu sote kwa basi. Tukaanza kuhesabu fedha.

Wa pili, mtu mzima, hakufungua hata kisanduku chake cha spana. Aliuliza tu: "Mama, jana gari hili lilifanywa nini?"

Tukatazamana. Jana yake tulikuwa tumelipeleka kuoshwa vumbi, na tukamwagiza kijana aoshe na injini pia, kwa mashine ya maji ya kasi. Fundi wa kwanza hatukumwambia. Hakuuliza, nasi hatukudhani kuwa lina maana.

Mzee yule alichomoa waya wa koili moja, akawasha injini na kusikiliza, kisha akazima na kuurudisha. Akafanya hivyo silinda baada ya silinda. Kila alipoinyima moto silinda nzima, injini ilizidi kuyumba. Alipofika ya tatu, hakuna kilichobadilika: hiyo ilikuwa haifanyi kazi tangu mwanzo. Alipoitoa koili yake, shimo la plagi lilikuwa na maji. Aliyakausha kwanza kabla ya kuigusa plagi, yasije yakaingia ndani ya silinda, akaifuta koili na kuirudisha. Injini ikatulia. Ujira wake haukufikia bei ya nozeli moja.

Hatusemi kwamba kila gari linalotetemeka lina maji. Sababu ni nyingi, ila nyingi kati yake zina alama. Ikiwa mtetemo huja gia ikiwa imeingia na mguu uko kwenye breki, kisha ukapungua gia inapotolewa, huenda mipira inayobeba injini imechoka. Ukisikia mluzi mwembamba, huenda bomba la hewa limepasuka, na hewa inaingia kwa mlango usio wake. Mtetemo ukizidi mnapowasha kiyoyozi, fundi atazame njia ya hewa, huenda imejaa masizi. Ukianza punde baada ya kujaza petroli, itilieni shaka petroli yenyewe. Na taa ya injini ikimetameta kwenye dashibodi, egesheni mahali salama mzime: petroli isiyoungua hupita hadi kwenye bomba la moshi na kukiunguza kichujio kilichomo, nacho ni ghali. Tena, msiisikilize injini katika banda lililofungwa, kwani moshi wake una gesi inayoua bila harufu ya kuonya.

Dada zetu wengi huingia gereji wakiwa wamekwisha kushindwa, kwa kudhani kwamba ujuzi wote uko upande wa mwenye spana. Sivyo. Fundi anaijua injini, lakini historia ya gari anaijua mwenye kulitumia. Andikeni katika daftari: tatizo lilianza lini, injini ikiwa baridi au moto, gari likiwa limesimama au likienda, na ni nini kilichofanyika kabla yake. Kisha, kabla ya kununua kipuri chochote, ulizeni kwa adabu: "Umejuaje, fundi?" Aliyepima atawaonyesha.

Fundi wa kwanza hatumwiti mlaghai. Alikisia, nasi tukamnyima ushahidi uliokuwa mikononi mwetu. Kama tungelipa, lawama isingekuwa yake peke yake.

Tulifika Mombasa usiku wa manane, alhamdulillahi, na ndizi zikiwa salama.