Mtandaoni kizuri hakijiuzi kisipotajwa jina

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilifaa sana sokoni, mahali ambapo mnunuzi huiona nyanya kwa macho yake, akaiminya kwa kidole na kuamua. Lakini katika soko la intaneti, ambako siku hizi Wakenya wengi huanzia kutafuta kitanda, fundi wa mabomba, nyumba ya kukodi au shule ya mtoto, kizuri hakionekani mpaka kitajwe, tena kitajwe kwa jina analolitumia mnunuzi.

Hilo ndilo jambo ambalo maseremala, washonaji, wenye vyumba vya wageni na vyama vingi vya kina mama hawakuelezwa walipotengenezewa tovuti. Walilipa pesa, wakaonyeshwa picha za kupendeza kwenye skrini, wakapongezana. Miezi ikapita na simu haikulia. Kisha akatokea mtu mwingine akawaambia kwamba wakiongeza pesa kidogo, atawapeleka "ukurasa wa kwanza".

Msomaji mpendwa, kabla hujafungua kibeti mara ya pili, ni vyema ujue mambo haya yanakwendaje. Hakuna uchawi ndani yake, na sehemu kubwa unaweza kuifanya mwenyewe bila kutoa hata ndururu.

Daftari kubwa na buibui

Mtu anapoandika maneno kwenye Google, injini ya kutafuta haianzi wakati huo kuizunguka dunia nzima. Inafungua daftari lake ambalo liliandikwa mapema. Usiku na mchana kuna programu zinazotembea kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, zikisoma kilichoandikwa na kukisajili. Kwa kuwa intaneti imefananishwa na utando, programu hizo nazo huitwa buibui.

Basi kuna hatua tatu. Kwanza, buibui aufikie ukurasa wako. Pili, ausome na kuusajili daftarini. Tatu, mtu anapouliza, injini ichague ni kurasa zipi zitangulie. Tovuti isiyofikiwa au isiyosomeka ni sawa na duka lililofungwa mlango kwa ndani.

Kazi hii ina historia fupi. Mnamo 1990, Alan Emtage, kijana kutoka kisiwa cha Barbados aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, Canada, alitunga programu iliyoitwa Archie ya kutafuta majina ya mafaili. Mwaka wa 1994, Jerry Yang na David Filo walianzisha Yahoo ikiwa orodha ya tovuti iliyopangwa na watu kwa mkono. Orodha ya namna hiyo haikuweza kwenda sambamba na kurasa zilizokuwa zikimiminika kila siku.

Ndipo Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford huko California, walipokuja na wazo lililozaa Google mwaka wa 1998. Waliona kwamba ukurasa mmoja unapouelekeza msomaji kwa ukurasa mwingine, ni kama unaudhamini. Aliyedhaminiwa na wengi huaminiwa zaidi, na neno la mdhamini anayeheshimika lina uzito kuliko la mpita njia. Tangu wakati huo mambo mengi yameongezwa, lakini maswali ya msingi yamebaki yale yale: ukurasa huu unahusu nini, unamfaa aliyeuliza, na nani mwingine anauamini?

Kitanda cha tano kwa sita

Tuseme kuna seremala anayeuza vitanda kando ya barabara ya Ngong jijini Nairobi, ambako samani nyingi hupangwa nje wapita njia wazione. Ana tovuti. Ukurasa wake wa kwanza umeandikwa kwa maneno makubwa: "Karibu! Tunakuletea ubora usio kifani kwa maisha ya kisasa." Chini kuna picha nzuri kumi.

Ukurasa huo unauza nini? Binadamu atatazama picha na kuelewa. Injini ya kutafuta hutegemea sana maandishi, na hapa hakuna neno kitanda, hakuna mbao, hakuna Nairobi. Wakati huo huo, mtu aliyeko Rongai anaandika kwenye simu yake: "kitanda tano kwa sita cha mbao bei Nairobi". Muuzaji anacho, mnunuzi anakitaka, lakini hawakutani kwa sababu mmoja anazungumza lugha ya sifa na mwenzake lugha ya mahitaji.

Dawa yake ni rahisi. Aandike: "Vitanda vya mbao ngumu, futi tano kwa sita na sita kwa sita, vinatengenezwa barabara ya Ngong, Nairobi." Aongeze bei au kiwango cha bei, siku zinazohitajika kukimaliza kitanda, na kama anapeleka nyumbani kwa mteja. Hayo ndiyo maswali anayoulizwa kila siku kwenye simu, na kila swali linaloulizwa mara kwa mara linastahili jibu kwenye ukurasa.

Utayajuaje maneno ya wateja? Sikiliza. Mmoja ataandika makochi, mwingine sofa. Mmoja atatafuta nyumba ya wageni, mwingine gesti. Tumia maneno hayo yote pale yanapoingia bila kulazimishwa. Aidha, ukianza kuandika neno kwenye Google utaona injini yenyewe ikikupendekezea maneno ya kumalizia. Mapendekezo hayo hutokana na yale ambayo watu hutafuta.

Na lugha je? Wakenya wengi hutafuta kwa Kiingereza, wengine kwa Kiswahili. Mwenye biashara anaweza kuwa na ukurasa kwa kila lugha. Kurasa za Kiswahili ni chache mno zikilinganishwa na za Kiingereza, hivyo ukieleza jambo vizuri kwa Kiswahili unashindana na wachache.

Kichwa, maelezo na picha

Kila ukurasa una kichwa chake, yaani yale maneno ambayo kwa kawaida huonekana kama kiungo cha kubonyeza katika majibu ya Google. Tovuti nyingi hubandika neno "Nyumbani" au "Karibu" hapo. Hiyo ni hasara. Kichwa kiseme kinachouzwa na mahali kilipo, kwa herufi 50 au 60 hivi, maana kikizidi huenda kikakatwa. Chini yake huweza kutokea maelezo mafupi unayoyaandika wewe. Hayo hayakupandishi daraja moja kwa moja, lakini ndiyo yanayomshawishi mtu kubonyeza.

Picha nazo zipewe majina yenye maana, kama "kitanda-cha-mbao-tano-kwa-sita", badala ya namba zinazotoka kwenye kamera. Ziandikiwe pia maelezo ya maneno machache. Maelezo hayo huisaidia injini, na humsaidia mtu asiyeona anayesomewa ukurasa na simu yake. Isitoshe, punguza uzito wa picha. Mteja anayehesabu bando zake hatasubiri ukurasa unaofunguka kwa kusuasua.

Uhakikishe pia kwamba tovuti inasomeka vizuri kwenye simu. Mnamo Aprili 2015, Google ilianza kuzipa nafasi bora kurasa zinazofaa kwa simu pale mtu anapotafuta kwa simu, na baadaye ikaanza kuisoma tovuti kama inavyoonekana kwenye simu. Basi usiridhike na jinsi tovuti inavyopendeza kwenye kompyuta ya fundi aliyeitengeneza. Ifungue kwa simu yako, kisha kwa simu ya jirani.

Mahali ulipo

Kwa kinyozi, mshonaji, daktari wa meno au mwenye duka la mbegu, jambo lenye faida ya haraka huenda likawa kujisajili katika Google Business Profile. Usajili huo ni wa bure. Ndio unaoiweka biashara yako kwenye ramani pamoja na nambari ya simu, saa za kazi na picha. Google hutaka kwanza kuthibitisha kwamba biashara ni yako.

Ukishasajiliwa, hakikisha jina, simu na mahali vinalingana popote unapotajwa. Waombe wateja walioridhika waandike maoni yao, na uyajibu, hata yale machungu, kwa adabu. Usinunue maoni ya uongo. Yanakatazwa, na wateja nao wana pua ya kunusa.

Wadhamini wa kweli

Tumesema kwamba kiungo kutoka tovuti nyingine ni kama udhamini. Seremala wetu atawapata wapi wadhamini? Huenda duka linalomuuzia mbao lina tovuti. Hoteli aliyoitengenezea meza inaweza kumtaja. Chama cha mafundi wenzake kinaweza kumworodhesha. Akiandika ukurasa mzuri unaoeleza jinsi ya kutofautisha mvule na mbao laini zilizopakwa rangi, wanaojenga nyumba wataupitisha kwa wenzao. Udhamini mmoja wa namna hiyo unafaa kuliko mia ya kununua.

Wapo waliojaribu njia ya mkato. Zamani watu walirudia neno moja mara mia ukurasani, au wakaandika kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe ili buibui asome na binadamu asione. Wengine walinunua viungo kwa mafungu. Mnamo Februari 2011, Google ilileta mabadiliko yaliyopewa jina la Panda, ya kushusha kurasa zisizo na kitu cha maana. Aprili 2012 ikaleta Penguin, dhidi ya kurundika maneno na viungo vya hila.

Wala si wadogo tu walioadhibiwa. Mwaka wa 2006, tovuti ya Ujerumani ya kampuni ya magari ya BMW iliondolewa kwenye majibu ya Google kwa kuwa na kurasa zilizojazwa maneno kwa ajili ya buibui, huku binadamu akipelekwa kwingine. Ilirudishwa baada ya kuziondoa. Ikiwa kampuni kubwa kama hiyo ilitolewa mlangoni, duka la mtaani litapona vipi?

Muuza nafasi ya kwanza

Sasa turudi kwa yule bwana anayeahidi "ukurasa wa kwanza". Google yenyewe imeeleza wazi kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Nafasi za kawaida haziuzwi. Kinachouzwa ni matangazo, ambayo huwekewa alama ya kuonyesha kwamba yamelipiwa. Pesa zikiisha, tangazo linaondoka. Kulipia matangazo hakukupandishi katika majibu ya kawaida.

Wapo wataalamu waaminifu wanaostahili ujira wao. Kabla ya kumlipa mtu, muulize maswali haya:

Atabadilisha nini hasa kwenye tovuti yako, na kwa sababu gani? Asiyeweza kukueleza kwa lugha unayoielewa, au anayesema ni siri ya kazi, mwache aende zake.

Viungo vya kutoka nje atavipata wapi? Akijibu kwamba anavyo mia tano tayari, hiyo ni hatari.

Itachukua muda gani? Mwaka wa 2017, Google ilieleza kwamba mara nyingi mtaalamu huhitaji miezi 4 hadi mwaka mmoja ili faida ianze kuonekana. Anayeahidi wiki moja anakutania.

Jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la nani? Hili ni kubwa kuliko yote. Jina linaloishia kwa .co.ke ni mali, kama ploti. Likiwa limesajiliwa kwa jina la fundi, na nywila zote anazo yeye, siku mkikosana utaanza upya kama mtu aliyejenga nyumba kwenye shamba la mwenzake. Dai karatasi na nywila mapema, mkiwa bado mnacheka pamoja.

Kazi ya jioni moja

Tangu 2024, Google imekuwa ikiweka juu ya baadhi ya majibu muhtasari ulioandikwa na mashine, na baadhi ya watu husoma huo wakaondoka bila kubonyeza popote. Lakini mashine hiyo nayo huchota kwenye kurasa zilizoandikwa na watu. Aliyesema waziwazi anachouza, bei yake na mahali alipo, bado ana nafasi nzuri ya kutajwa kuliko aliyejisifu tu.

Ikiwa una tovuti, tenga jioni moja. Waulize wateja watano: kama hungenijua, ungeandika maneno gani kunitafuta? Yaandike kama walivyoyasema. Kisha fungua ukurasa wako wa kwanza uone ni mangapi kati ya hayo yamo. Yasiyokuwemo yaingize kwenye kichwa na katika sentensi za mwanzo. Jisajili pia katika Search Console, huduma ya bure ya Google ambayo itakuonyesha ni maneno gani yaliyowaleta watu kwako na kama kuna kurasa ambazo buibui hakuzisajili. Rudi kuitazama baada ya miezi mitatu.

Kama huna tovuti bado, usikimbilie kukopa ili utengenezewe. Anza na ramani, jina sahihi, simu inayojibiwa na picha zilizopigwa mchana kweupe. Mteja wa kwanza akija akisema amekuona mtandaoni, muulize aliandika neno gani. Liandike daftarini, litakufaa siku utakapotengeneza tovuti yako.