'Blondie': Katuni ya gazetini iliyopata sauti redioni

MSIKILIZAJI wa redio haoni picha. Hicho ndicho kikwazo cha mchezo wa vichekesho wa 'Blondie', ulioanza kusikika katika redio ya CBS ya Marekani Julai 1939, kutokana na katuni aliyoibuni Chic Young mwaka 1930.

Katika katuni hiyo, Dagwood Bumstead, mwana wa tajiri wa reli, alinyimwa urithi mwaka 1933 kwa kumwoa Blondie, msichana asiye na mali. Akawa mtumishi wa ofisini, mwenye hofu ya kufukuzwa kazi na bosi wake, Dithers. Hofu iliyofahamika vyema zama zile za mdororo wa uchumi.

Gazetini, sandwichi zake ndefu huchekesha kwa kutazamwa tu. Redioni, mzigo huo uliiangukia sauti ya Arthur Lake, hasa mwito wake mrefu wa kumwita mkewe kila alipokwama. Nafasi ya Blondie ilianza na Penny Singleton, kisha wengine, akiwemo Patricia, mke wa Lake mwenyewe.

Mchezo ulikoma mwaka 1950. Katuni iliendelea: Young alipofariki mwaka 1973, mwanawe, Dean, aliirithi.